Jumapili ya Tatu

Bonga, Babati
14 Mei 1984

Mpenzi Marcelino,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima. Mahindi yameanza kukomaa, ila sabuni hatujaiona tangu Februari, nguo tunafulia majani ya mpapai. Mama yako anakusalimu sana. Picha yako ya mahafali ameibandika ukutani, karibu na Bikira Maria.

Barua yako nimeipata. Umesema digrii umemaliza, na huko huko Uswidi umepata kazi, nikusubiri miaka miwili tena. Nilimsomea baba. Akajibu, "Aliyemaliza shule na harudi, huyo amehama."

Marcelino, jana padri alitangaza ndoa yangu na Egidius, yule muuzaji wa duka la ushirika. Ni tangazo la pili kati ya matatu. Kibali cha sukari ya harusi kimeshatoka. Padri akauliza kama kuna anayejua kizuizi. Mimi nikatazama mlangoni kama mjinga, kana kwamba ungeingia.

Barua yako ilichukua wiki sita kufika. Kwa hiyo sikuombi uje, wala sikuombi ushauri. Jumapili ijayo padri atauliza kwa mara ya mwisho. Kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema, nitasimama mimi mwenyewe, baba akiniona. Baada ya hapo sijui nitalala kwa nani.

Ukijibu, usitumie tena sanduku la posta la baba. Andika kwa mama yako. Yeye atajua nilikoelekea.

Wako,
Xaveria