Mbithi Aliyemuuza Kavindu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Niko Salama, mji ninaoishi tangu nistaafu ualimu. Miaka thelathini na minane tangu nifukuzwe kijijini kwetu Kabati kwa ugomvi wa shamba. Leo ndugu yangu Mulinge amepiga simu: ukoo utanirudishia kipande changu. Nyumbani, hatimaye! Na Kavindu wa Matiliku, aliyetimiza miaka tisini na moja, amekubali nirekodi habari za nyanya yake, aliyeuzwa kwa msafara wa watumwa akiwa mtoto, akatoroka. Kavindu ndiye pekee aliyebaki kati ya waliomsikia akisimulia.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Kavindu ana jina la nyanya yake, na kwetu Ukambani ukirithi jina umerithi mtu mzima mzima. Basi anasimulia: walinishika, wakanifunga. Sawa. Kisha akaniuliza jina. Mbithi wa Kabati, nikasema, jina la babu. Akaweka kikombe chini.
“Ni wewe! Wewe ndio uliniuza!”
Nikamweleza kwamba nilizaliwa 1949.
“Na bado unabisha. Hata ile siku ulikuwa na mdomo hivyo hivyo.”
Hatasema neno hadi nikiri. Binti yake, Wavinya, alinimiminia chai nusu kikombe, kama mshukiwa.

Alhamisi, 6 Machi
Babu aliuza pembe za ndovu pwani. Pembe tu, tuliambiwa. Lakini pembe hazitembei zenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri! “Mimi Mbithi nilikuuza.” Nilidhani ni maigizo, nikajikuta nimevua kofia.
“Kwa nini?”
Njaa, Mama, nikasema.
“Njaa ilikuwa ya wote. Wewe ulikuwa mnono.”
Wavinya alicheka hadi akamwaga uji. Ndipo Kavindu akaanza—vijito walivyovuka, kamba ilivyonuka, mwenzake aliyeachwa njiani akiwa bado anaita. Sikuthubutu kukohoa.

Jumapili, 9 Machi
Kumbe Wavinya naye alirekodi video nikikiri! Kaituma kwa grupu ya WhatsApp ya kanisa letu. Leo nimeombewa kwa jina, na wameniondoa kwenye kamati ya harusi.

Jumatatu, 10 Machi
Niko jikoni kwa Wavinya. Mulinge amepiga: video imefika Kabati.
“Mwalimu, umetuchafua. Sasa watu watauliza ng'ombe wa babu walitoka wapi. Futa hiyo kitu yote, hata ya huyo mama. Ama usahau shamba.”
Barazani Kavindu anaita, “Mbithi! Kuja hapa! Hatujafika pahali ulininyima maji.”
Nimemwambia Mulinge sifuti. Amekata simu.
Sitarudi Kabati.