Baba, Paka Wako Wanne

Baba,

Nimengoja hasira ipungue ndipo nikuandikie, na nimeona haipungui. Basi nakuandikia nayo hivyo hivyo.

Tulikuzika vizuri. Nianze na hilo usije ukadhani tulikuaibisha. Watu walijaa pale nyumbani Vihiga, kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka, na kila aliyepewa nafasi ya kusema alisema ulikuwa mtu wa huruma. Mchungaji alisema hata wanyama waliijua huruma yako, watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele nikiwaza: wanyama hao wako Kisumu Ndogo, kule Kibera, sasa hivi, mlango umefungwa, na sisi wote tuliopanda basi kuja huku hakuna aliyemwambia mtu awawekee hata maji.

Tuliporudi Nairobi tulikutana kwenye chumba chako nyuma ya kisiagi, mimi, Javan na shangazi. Kila kitu kilipata mwenyewe. Javan alichukua redio na koti la mvua. Shangazi alichukua sufuria kubwa na blanketi. Hata ile stuli yenye mguu mbovu ilitakiwa na watu wawili. Paka walikuwa mlangoni, wote wanne, wakitutazama tukitoa vitu. Nikauliza, "Na hawa?"

Javan akanijibu bila kugeuka, "Paka ni paka. Hujitafutia."

Miaka yote uliyosaga unga pale, huyu mwanao mkubwa alikula ugali usio na kinyesi cha panya kwa sababu ya paka hao hao. Na sasa wanajitafutia. Shangazi naye akasema mwanamume kulala na paka wanne ni jambo ambalo yeye hakuwahi kulielewa, ila hakutaka kulitaja ukiwa hai. Nilinyamaza. Ilikuwa wiki ya kwanza na sikutaka tugombane ilhali nguo zako bado zilikuwa kwenye msumari. Najilaumu kwa kunyamaza huko.

Ningewaacha pale kwenye kisiagi kama ingewezekana, kwa kuwa ndipo walipopazoea. Lakini mwenye kisiagi alimleta mtu mwingine wa kushika mashine, na huyo akasema hataki manyoya kwenye unga wa watu, yeye atatumia sumu. Nilimwambia paka akila panya aliyekula sumu naye anakufa. Akasema, "Basi wahamishe, madam." Alinipa mpaka mwisho wa juma. Hata hivyo sikumlaumu, maana yeye hakuwa na deni lolote kwako.

Nikarudi kwangu Kawangware kuuliza kama naweza kuwaleta. Chumba chetu hapa mtaa wa Kongo unakijua, ukiamka unakanyaga jiko. Mutua aliniambia, "Mmoja, na asipande kitandani." Unamjua mume wangu, Mkamba wa maneno machache. Mama Wambui, mwenye ploti tunayopanga, alisema kwa urefu zaidi: "Mmoja sawa. Wawili tutaongea. Watatu, utafute nyumba." Siku mbili nzima nilisuka watu nywele huku nikiwapanga paka kichwani mwangu. Nimchukue Chifu, kwa sababu ndiye aliyekaa nawe zaidi? Au Sista, kwa sababu ni mweupe na mtulivu, na watoto wangu wanampenda? Karani, yule wa kukaa dirishani kukagua kila gunia linaloingia, nani mwingine angemtaka na jicho lake lile moja? Na Bahati, aliyemwagiwa mafuta moto na mama anayekaanga samaki wa omena akapona, nimwache tena?

Nilikuwa bado napima hivyo, Jumamosi nikaja na kikapu, nikakuta hamna paka.

Yule mtu wa mashine aliniambia kaka yangu alikuja asubuhi na gunia. Chifu alimponyoka akapanda juu ya mabati. Watatu waliingia. Nikampigia Javan simu nikiwa nimesimama pale pale mlangoni kwako. Akasema, "Nimewapeleka sokoni, kule ng'ambo ya reli. Kuna wauza matumbo. Watashiba kuliko sisi." Kisha akasema binadamu wanalala njaa Kibera hii na mimi nalilia paka.

Baba, maneno hayo nimeyasikia mara nyingi sana tangu siku ile, na kila mara husemwa na mtu ambaye hajampa huyo binadamu mwenye njaa kitu chochote. Nilimuuliza Javan ni nani amelishwa kwa sababu yeye ametupa paka. Akakata simu.

Nilienda sokoni siku hiyo, na kesho yake baada ya kanisa, na Jumatatu nikafunga saluni nikaenda tena. Watu walidhani nimepoteza mtoto, jinsi nilivyokuwa nikiinama chini ya meza za watu. Mzee mmoja aliniuliza, "Anaitwa nani, mama, tukusaidie kuita?" Nikasema Sista, na Karani, na Bahati. Aliposikia ni paka alinitazama kama mtu aliyetapeliwa. Vijana wa viatu wakaanza kuniita Mama Nyau. Nilikuwa na haya, sitakuficha. Nilikuwa pia nimekasirika mpaka haya ikaisha.

Aliyenisaidia ni mwanamke anayeuza matumbo, Mjaluo mnene mwenye aproni ya plastiki. Hakucheka. Alisema, "Kuna mweupe nyuma ya banda langu, hali chochote. Nilijua huyo si wa hapa. Wa hapa wangekuwa wameshanipora." Akanieleza, nami nikaelewa, kwamba paka mkubwa akiletwa mahali ghafla haangalii chakula, anatafuta pa kujificha, na paka wenyeji humpiga mpaka asahau kula. Kumbe Javan aliwapeleka penye chakula wafe njaa.

Nyuma ya banda nilimkuta Sista na Karani wamelala kwenye katoni moja, mmoja juu ya mwingine, wachafu, Karani ana jeraha shingoni. Kule kwako hawakuwa hata marafiki. Ulikuwa ukiwawekea sahani tofauti. Nilipomshika Karani alinikwaruza mkono mzima, nami sikumwachilia.

Bahati sikumpata. Niliuliza kila banda. Nakuandikia hili waziwazi kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Bahati hatukumpata, na aliyempoteza ni mwanao.

Sasa nisikilize na hasira ya pili, ambayo inakuhusu wewe. Ulijua kifua chako kilikuwa kibaya. Ulikohoa mbele yangu mwaka mzima ukisema ni vumbi la unga. Katika mwaka huo huo ulimwokota Bahati, ukiwa tayari una watatu. Nilipokuuliza utawapeleka wapi wote, ulicheka ukasema, "Paka mmoja zaidi hawezi kuangusha nyumba." Nyumba ilianguka, Baba. Na haikuangushwa na paka mmoja zaidi, ila na wewe kutomwambia mtu yeyote nani amchukue nani. Ungesema tu. Ungesema, Kageha, Sista ni wako. Javan angeliogopa neno lako kuliko anavyoniogopa mimi.

Baada ya hapo nikawa na paka watatu, na ruhusa ya mmoja. Chifu nilimpata siku ya nne, alishuka mwenyewe kwenye mabati nilipokaa mlangoni kwako na kichwa cha samaki. Nikaanza kuwatafutia watu.

Hapo ndipo nilipojua watu walivyo. Kanisani wamama kumi walisema wanataka paka, maana panya wamezidi. Nikisema ni paka wakubwa, wanarudi nyuma. "Kama ni kitoto ningechukua." "Mkubwa ameshaharibika." "Mkubwa hafundishiki, ana mambo ya kwao." Mmoja, ambaye alilia kwa sauti kwenye matanga yako, aliniambia paka wa marehemu hawaletwi kwenye nyumba ya watu.

Nilimuuliza, "Wewe ulipokuja Nairobi ulikuwa na umri gani?" Akasema alikuja ameshaolewa. Nikamwambia, basi ulikuja mkubwa, na mambo ya kwenu, na kuna mtu alikufungulia mlango. Tangu siku hiyo hanisalimii.

Lakini ni kweli. Wewe mwenyewe uliingia jiji hili ukiwa mwanamume mzima mwenye ndevu. Na kitoto cha paka ni nini? Ni kubahatisha. Hujui atakuwa mwizi, hujui atawinda au atalala tu, miezi yote hiyo anapanda mapazia. Paka mkubwa ameshakuonyesha yeye ni nani. Sista hajawahi kuiba hata kipande cha nyama. Chifu anaua panya watatu kabla ya chai. Karani hapendi kushikwa, na ukimwacha hana shida na mtu. Ni mtu gani mwingine anayekuja kwako na tabia zake zote wazi hivyo?

Aliyenisikiliza ni mama mmoja wa Riruta anayeuza nafaka, mteja wangu wa nywele. Naye alitaka kitoto mwanzoni. Nikamwambia, kitoto kitakuwa tayari panya wakiwa wamemaliza maharagwe. Akacheka, akasema nilete huyo mzee tujaribu. Nilimpeleka Chifu na gunia tupu la kisiagi ili awe na harufu anayoijua. Nikamwambia mama: mfungie stoo, usimvute, usimwite, mwekee chakula, maji na beseni la majivu, umwache. Siku ya pili alinipigia kusema paka amekufa, yuko nyuma ya mifuko hatikisiki. Nikamwambia ngoja. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya sita akapiga tena, sauti nyingine kabisa: "Mzee wako ametoka. Amekaa juu ya mizani na hataki nipime."

Nililia mbele ya mteja, Baba, na sega mkononi.

Wakabaki Sista na Karani. Mutua aliniangalia akasema, "Chagua sasa." Nilijaribu. Nilimpeleka Sista kwa jirani siku moja, na Karani akakaa mlangoni akipiga kelele ambayo sijawahi kumsikia. Sista naye kule kwa jirani akaacha kula, kama pale sokoni. Mutua mwenyewe ndiye aliyeenda kumrudisha. Alimweka chini, akaosha mikono, akaendelea kula.

Mama Wambui alikuja, akatazama, akavuta kiti. "Nilisema wawili tutaongea. Haya, tuongee." Tukaongea. Alitaka wasizae, wasinye ngazini, na wakimkwaruza mtoto wa mpangaji mwingine nijibu mimi. Niliwapeleka wote wawili kwa daktari wa mifugo wakafungwa uzazi. Nilimwekea Mama Wambui beseni lenye majivu mbele ya macho yake. Akakubali. Sasa ameanza kuuliza kama Karani anaweza kushinda stoo yake mara moja moja. Nimemwambia amuulize Karani.

Javan alikuja kwangu mwezi uliopita. Alikaa, akamwona Sista. Kisha akasema, "Kila jioni walikuwa wanakaa pale mlangoni wakimngoja Baba. Nilikuwa nikipita kutoka kazini nawaona. Sikuweza kuvumilia, Kageha." Mimi sikujua hilo. Nilimpa chai. Nilimhurumia, na bado nimemkasirikia, nimeona vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kusukumana. Kuumia kwake hakukumpa ruhusa ya kufunga gunia. Nilimwambia hivyo hivyo, akanywa chai yake yote, akasema, "Sawa." Amekuja mara mbili tena tangu hapo. Huleta mifupa ya samaki na kujifanya imebaki tu.

Jambo la mwisho. Juzi mwanamke wa ploti ya pili aliniletea paka mkubwa wa kijivu ndani ya mfuko, kwa sababu amesikia kuna Mama Nyau hapa. Anahamia Kitui, hawezi kumbeba. Yule paka alitoa kichwa, akaniangalia. Nilijua ungefanya nini. Ungemchukua kabla mwenye mfuko hajamaliza kusema.

Mimi nilikataa. Nilimwambia wawili ndio ninaoweza kulisha, kutibu na kuwatetea, na wa tatu atawatoa hao wawili nje pamoja nasi. Aliniona mkatili. Nilimshika mkono nikazunguka naye mtaani mpaka tukampata muuza samaki anayemhitaji, nikamweleza mambo ya kufungia na kungoja, na nitapita kumtazama. Lakini nyumbani kwangu hakuingia. Nilirudi nikijiona kama mtu aliyekukosea. Halafu nikasema hapana, sijakukosea. Huruma yako ilikuwa kubwa kuliko chumba, na waliolipa ni paka wako.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, Baba. Ni wawili, na hao wawili watakaa nami mpaka wafe, na nikitangulia mimi, hawatakaa mlangoni wakitazama watu wakigawana sufuria. Nimeandika kwenye karatasi, nimeibandika nyuma ya mlango: Nikifa, Sista na Karani ni wa Mama Wambui, wasitenganishwe. Mutua ameona. Javan ameona. Mama Wambui ameweka sahihi, akalalamika, kisha akaweka.

Pumzika sasa. Nimekukasirikia kama mtu anavyomkasirikia mtu wake.

Binti yako,
Kageha