Baba Amesahau Mzizi

Jumapili, 6 Mei

Wamenichukua! Jijini Da Nang! Mtafsiri wa maelezo ya dawa, kampuni yenye jengo lake yenyewe, kuripoti Jumanne tarehe 29. Barua nimeisomea chooni, mara tatu, maana ndicho chumba pekee humu ndani chenye komeo. Miaka ishirini na tisa na faragha yangu iko chooni. Nimecheka peke yangu, nikafungulia maji ili nisisikike.

Sijamwambia mtu.

Darasa la Baba leo pomoni. Sitini na wawili, wengine wamekaa mpaka kwenye ngazi ya jikoni kwetu. Mtihani wa taifa ni mwezi ujao, kila mzazi wa mji huu anataka mwanawe apite mikononi mwa Mwalimu Nhượng, yaani Baba. Baba alichora mti wake ule ule. Chini mzizi: spect, tazama. Juu matawi: inspect, spectator, prospect. "Msikariri majani, nyie! Majani hukauka! Kamata mzizi, halafu neno la Kiingereza lije limevaa kofia gani, utalijua tu!" Sentensi hiyo naisikia tangu nikiwa na meno ya utoto. Kilatini alifundishwa na padri wa parokia yao, Kigiriki alijisomea. Digrii hana. Heshima anayo kuliko wenye digrii.

Na mimi? Nafuta ubao. Nasahihisha. Nachemsha chai.

Jumanne, 8 Mei

Nimesema. Mchana, mezani, kati ya wali na zile bilingani changa za chumvi. Mama vijiti vya kulia vikamgandia hewani.

Baba akasema vizuri, Da Nang kuna joto. Akaongeza mchuzi.

Kuna joto! Kwani hapa kuna barafu? Upepo wa moto wa Laos unavuma tangu juzi, hata mbwa wa jirani kahamia bafuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa machozi, kwa "mtoto wa pekee unatuachia nani". Nimepata mchuzi. Nimeumia kuliko ningegombezwa.

Alhamisi, 10 Mei

Kuna kitu hakiko sawa.

Baba amefundisha kwamba hypo ni juu na hyper ni chini. Baba! Amegeuza kichwa chini miguu juu, akapiga na mstari. Na wale watoto — wote wakaandika! Hakuna aliyeinua hata kidole. Mwalimu akisema jua linachomoza Laos, magharibi kwetu, wataandika na kupaka rangi. Nikakohoa huko nyuma. Akanitazama kama aliyeamshwa usingizini. "Khuê, nimesema nini?" Nikaleta utani, nikasema Mwalimu anawapima kama mmelala. Wakacheka. Baba naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Ubao nimeufuta mara mbili.

Jumamosi, 12 Mei

Tena. Leo ni pedestrian, akasema ni neno la watoto. Amechanganya ped ya Kilatini, mguu, na ile ya Kigiriki iliyomo kwenye daktari wa watoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya pili. Halafu akasimama katikati ya sentensi, chaki mkononi, anatazama ubao. Nikamalizia mimi kutoka nyuma.

Jikoni nikamwambia Mama twende hospitali. Akafunga dirisha kwanza. Akanong'ona: unataka wazazi wajue? Mwezi mmoja kabla ya mtihani? Watoto sitini na wawili wapate wapi mwalimu mwingine? Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alisema baada ya mtihani ataenda, na mtu asimsumbue.

Mficha maradhi kilio humfichua, Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Leo anafunga dirisha.

Nimekusanya madaftari yote kwa kisingizio cha ukaguzi. Nimesahihisha watembea kwa miguu sitini na wawili kwa mwandiko wa Baba. Mwandiko wake naujua kuliko wangu. Mkono unauma. Na Da Nang ndiyo nimeshaanza kuitungia barua ya kuwaomba radhi, kichwani.

Jumatano, 16 Mei

Nimetoka mjini Vinh, kupima afya ya kazini. Mapafu mazima, damu nzima. Nikanywa uji wa samaki mkunga, bakuli mbili, peke yangu. Hakuna aliyeniuliza chochote. Raha hiyo sijui niiweke wapi.

Alhamisi, 17 Mei

Naandika polepole nisije nikaongopa.

Diễm, yule msichana wa benchi la mbele mwenye mdomo kama cherehani, kaja mapema. Kaniletea daftari nione darasa la jana nililokosa. Mizizi thelathini. Yote sahihi. Ped ya mguu upande huu, ya mtoto upande ule, zimewekewa ukuta katikati. Hypo chini, hyper juu. Hata mzaha wa Baba kaunukuu pembeni.

Nikamuuliza, Mwalimu hakukwama popote?

"Akwame? Jana alikuwa moto, dada! Mbavu zilituuma kwa kucheka. Mwalimu hukwama ukiwepo wewe tu. Sisi tulidhani mmepanga, ndiyo mtindo wa kufundisha, yeye anauliza wewe unajibu."

Ukiwepo wewe tu!

Nikamrudishia daftari. Nikamwambia mwandiko wake umeboreka. Nikaenda chooni nikafunga komeo.

Ijumaa, 18 Mei

Nimefura. Mtego bila chambo haunasi, na huyu mzee amejitia mwenyewe kwenye ndoano kama chambo. Laiti angesema usiende! Neno moja tu! Mtu anajua maneno ya mataifa mawili yaliyokufa, akashindwa kusema "baki, mwanangu".

Nilimmwagia Mama yote, kwa sauti, dirisha wazi. Hakubisha. Alienda kwenye kapu la nguo chafu, akatoa shati la Baba la juzi, akavuta karatasi mfukoni. Imekunjwa mara nane. Mizizi thelathini kwa herufi ndogo kama sisimizi, mwandiko wake. Mama akasema Baba aliiandika siku mbili mfululizo, kwa hofu, kwa kuwa sitakuwepo wa kumwokoa. Kwamba kila akigeukia ubao alikuwa akichungulia mfukoni. Kwamba mimi nina roho ya jiwe.

Nikalia. Nikaomba radhi.

Halafu sasa hivi nimeitazama tena karatasi. Kavu. Safi. Mwezi wa Mei, upepo wa Laos, Baba huloa jasho mpaka mkanda. Wino haujachuja hata nukta.

Nimeinusa. Nimenusa karatasi ya baba yangu kama polisi! Inanuka karatasi tu. Labda ya mfukoni. Labda ya droo, haijawahi kuona shati. Sijui, na najichukia.

Jumatatu, 21 Mei

Nilimkuta peke yake ananoa penseli. Nikamuuliza ana kwa ana. Baba, unasahau kweli?

Alipuliza vumbi la penseli.

"Nitajuaje, Khuê? Aliyesahau hajui amesahau nini."

Jibu la mwalimu. Halina mlango wala dirisha. Nikamtazama machoni nione mzaha, nikaona macho ya mzee, basi. Nywele zake za shingoni zimekuwa nyeupe lini?

Jumatano, 23 Mei

Leo kakwama mara nne. Mara nne nimejibu.

Nimenunua tiketi. Jumapili, basi la Da Nang, linapita njia panda saa kumi na dakika ishirini.

Ijumaa, 25 Mei

Bango jipya langoni! Jekundu, herufi za njano, kubwa kama kitanda. MIZIZI YA KIINGEREZA. MWALIMU NHƯỢNG NA BINTI. Chini picha yangu nikiwa na miaka kumi na minane, ile ya kitambulisho cha mtihani, masikio yametoka. Hakuna aliyeniuliza. Majirani wananipongeza kama bibi harusi. Mama wa Diễm kanishika mikono yote miwili, kasema sasa amepumua, maana alisikia naondoka, mtoto akakataa kula.

Nimemwambia tutaonana Jumapili. Sikudanganya. Jumapili kweli tutaonana.

Baba alikuwa juu ya kiti anakaza kamba ya bango. Kiti kikayumba. Nikakimbia kukishika kabla sijajua nimekimbia.

Jumapili, 27 Mei

Naandikia darasani, benchi la nyuma, daftari juu ya magoti. Saa tisa na dakika ishirini. Begi liko chini ya kitanda. Mama anajua, tangu asubuhi anasugua sufuria moja.

Nimeamua hivi. Leo sijibu. Akikwama, nanyamaza. Kama anajifanya, atachoka, ataendelea mwenyewe, nami nitapanda basi nimekasirika na mwepesi. Haya.

Anaendelea vizuri. Port, beba. Import, export, transport. Kawachekesha na hadithi ya bata kwenye pikipiki. Labda leo hakwami.

Tisa na nusu. Kachora mti mpya. Mzizi kauacha wazi. Juu kaandika contain, retain, maintain. Akageuka.

"Mzizi wake..."

Kakwama.

Dakika ya kwanza. Feni. Kalamu sitini na mbili juu ya karatasi. Nimeuma shavu kwa ndani. Shika, Baba. Tain ni shika. Ulinifundisha huo mzizi nina miaka saba, umenibeba mabegani, nimekushika masikio.

Dakika ya pili. Anatazama ubao. Hagusi mfuko.

Ya tatu. Wa mbele wameanza kutazamana. Kule langoni baba wa mtoto mmoja amevua helmeti, anasikiliza.

Mungu wangu. Sikulifikiria hili. Kama anajifanya, nashinda. Kama ni kweli, namvua nguo mbele ya mji mzima, mwezi mmoja kabla ya mtihani, na ni mimi niliyemvua. Siwezi kujua lipi mpaka nikiwa nimeshamfanyia!

Ya nne. Diễm kainua mkono. Wa kwanza kuinua mkono katika darasa hili tangu nizaliwe. Baba hamwoni, au hataki kumwona. Ananitazama mimi.

"Subirini," anasema. "Binti yangu anajua."

Anatabasamu. Lile tabasamu — kama mtu aliyekamata kitu, au kama mtu anayezama anayeona mkono? Miaka ishirini na tisa naishi naye na siwezi kulisoma. Chaki ameielekeza kwangu. Sasa saa kumi kasoro dakika ishirini na tatu, na njia panda ni mwendo wa robo saa kwa mguu.

Kichwa kimoja kimegeuka, viwili, sasa vyote.

Nimesimama. Naandika nimesimama. Watoto wananitolea macho, Mama kaacha kusugua, hakuna anayejua kama naelekea ubaoni au naelekea mlangoni, hata mimi, maana mlango uko pale pale kando ya ubao, na kwenda kokote lazima nipite mbele ya Baba