Eksirei ya Sebuleni kwa Mukhwana

Maurine weee! Shangazi Triza leo ametoboa siri ya mzee wake, Mukhwana. Kayole, 1996.

Mzee alidhani amemeza jino lake la bandia akila omena. Hospitali akakataa katakata, anaogopa sindano.

Sasa kijana wao wa chuo, Andati, alikuwa amewaambia elektroni zikipita mbio ndani ya fuwele, kama za magadi, hutoa eksirei. Na TV zile za kichogo zilirusha elektroni.

Si mzee akavua shati! Magadi juu ya tumbo, tumbo kwenye TV. Kwenye TV, Maurine!

Watu wa ushirika wa kanisa wakaingia na pasta wao kwa maombi, wakamkuta amemkumbatia mtangazaji wa habari.

"Napigwa eksirei," akasema.

Pasta akaanza kukemea pepo. Triza akaliokota jino kwenye sufuria ya omena, akaliinua juu.

Hakuna aliyelitazama. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wameshafungua vifungo vya shati, wakingoja zamu.