Shangazi na Kitufe cha Msalani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mkono wangu haujafanya jambo ambalo akili yangu inalikataa, maana maji yamenifika shingoni na ofisini sina wa kumwambia, wala nyumbani, kwa kuwa ambaye ningemwambia nyumbani ndiye habari yenyewe inayomhusu.

Nafanya kazi idara ya rasilimali watu katika kiwanda cha kushona sare, za shule, za wauguzi, za walinzi, na kwangu mimi kiwanda hicho si mahali pa kazi tu, nimekulia humo, kwani shangazi yangu aliyenilea baada ya baba kufariki ni fundi wa kola tangu sijaanza shule, na zama zile watoto tuliruhusiwa kuwasubiri wakubwa wetu chini ya meza ya kukatia vitambaa, nikawa nasinzia juu ya vipande vya kaki huku cherehani zikinguruma, nikajifunza kuhesabu kwa vifungo, na hadi leo nikinusa mafuta ya cherehani yakiwa yamechanganyika na harufu ya kitambaa kipya machozi yananilengalenga.

Safu ya kina shangazi ilikuwa na desturi yake, fundi akikwama, kola imemkataa au mkono wa koti umepinda, hakumwita msimamizi, alisema tu "Mikono," bila hata kuinua kichwa, na aliyekuwa karibu aliacha cherehani yake akaja kumkalia pembeni mpaka mshono ukae sawa, kisha akarudi kwake bila kungoja asante, na wageni wa kazi walikuwa wanaomba mikono kutwa nzima, na aliyekuwa anaitika zaidi ya wote ni shangazi, hadi wenzake wakamtania kwamba kiti chake hakijawahi kupata joto. Ah, mshauri, siku zile zilikuwa tamu.

Mwaka huu kila cherehani imefungwa kidude chenye vitufe, ukisimamisha kazi unabonyeza sababu, iwe uzi, sindano, umeme, msalani au nyingine, na takwimu zote zinaingia kwenye kompyuta yangu, nami ndiye natakiwa niandike ripoti ya kumsaidia meneja kuamua nani akae wapi na safu ipi ivunjwe, kwa sababu kiwanda kinataka kujipanga upya. Basi nikachora michoro yangu kwa madaha yote, nikaona safu ya wakongwe imejaa msalani, asubuhi msalani, mchana msalani, na anayeongoza kiwanda kizima kwa kwenda msalani ni shangazi. Niliingiwa na hofu kwamba anaumwa na ananificha, nikamfuata jikoni jioni nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama tumbo lake liko salama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, mle hamna kitufe cha kwenda kumsaidia mtu," akasema. "Nikibonyeza 'nyingine' msimamizi anakuja mbio kuuliza nyingine ipi. Msalani hakuna anayemuuliza mtu mzima maswali."

Kumbe safu nzima wamekubaliana hivyo. Tukacheka wote wawili, yeye akaendelea kumenya viazi na kulalamika kuwa siku hizi uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauoni kabisa, mimi nikaenda chumbani nikakaa kitandani sina raha, kwa sababu sikumwambia kinachokuja. Meneja ameshaiona michoro ya mwanzo na amesema safu ile ivunjwe, mafundi watawanywe, na shangazi apelekwe kwenye chumba cha kufungasha, akakae peke yake na mifuko ya nailoni. Nikieleza ukweli nitakuwa nimemchongea, maana kuingiza taarifa zisizo za kweli ni kosa, na barua za onyo huwa naziandika mimi. Nikinyamaza, watu walionilea watasambaratishwa mbele ya macho yangu. Na ipo njia ya tatu inayoninyima usingizi, kompyuta ni yangu, naweza kufuta zile "msalani" zote nikaandika "umeme" na hakuna atakayejua, na jana nilifungua faili, nikalitazama, nikalifunga.

Nisaidie, mshauri. Nataka karakana ile ibaki kama ilivyokuwa.

Mimi,
Mtoto wa Chini ya Meza

*

Mtoto wa Chini ya Meza,

Pole. Na hongera kwa kulifunga hilo faili, kesho ulifunge tena. Ukifuta leo kwa sababu ya mapenzi, siku nyingine mwenzako atafuta kwa sababu ya chuki, na hutakuwa na mdomo wa kumsema.

Sasa tuache kujitia hamnazo. Takwimu hazijamsingizia shangazi yako. Mashine ilimuuliza anakwenda wapi, ikampa majibu ya kuchagua, na kazi anayoifanya haikuwemo. Vitufe vile havikudondoka na mvua, binti. Vilichaguliwa na watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, na kama idara yako ilikuwemo kwenye kikao hicho, na wewe uliyekulia chini ya meza ile hukufungua kinywa kusema kuna kitu kinaitwa mikono, basi kabla hujamlaumu meneja jitazame kidogo kwenye kioo.

Nenda kwa meneja. Sentensi ya kwanza iwe, "Yule fundi ni shangazi yangu." Atakapokuwa bado anakutazama, mwambie kwamba vitufe vina kasoro na safu nzima inabonyeza kisichofaa kwa sababu kinachofaa hakipo. Safu nzima ikikosea namna moja, mwenye kuandikiwa onyo ni aliyetunga swali. Omba kitufe kingine kiongezwe, kiitwe kwa neno lao wenyewe, na kisivunjwe chochote mpaka majibu mapya yapatikane. Halafu mpe kazi ya kuzisoma takwimu mwenzako asiye na shangazi humo, aangalie jambo moja: wageni waliowekwa karibu na safu ile wanadumu kazini, au wanaondoka kama wengine? Wakiwa wanadumu, utakuwa na cha kumwonyesha meneja kuliko machozi yako. Wakiwa hawadumu, utameza. Huwezi kuziamini takwimu pale tu zinapokubembeleza.

Hayo ni ya ofisini, na ni rahisi. Kilichonifanya niisome barua yako mara mbili ni kingine. Umeniandikia mafuta ya cherehani, vipande vya kaki, vifungo, na nimekuelewa sana. Marehemu mama yangu alikuwa mpiga chapa, na mpaka leo nikisikia taipureta popote nasimama kama nimeitwa. Natamani kile chumba chake kuliko ninavyoweza kusema hapa gazetini, kwa hiyo usidhani nakucheka.

Lakini barua yako yote nimeipekua na sijaona mahali ulipomuuliza shangazi anataka nini. Umemuuliza habari za tumbo. Mwanamke anayeshona kola tangu hujaanza shule amekuambia uzi hauoni, na wewe umeyaruka maneno hayo kama unavyoruka dimbwi, ukaenda zako chumbani kuililia karakana.

Mwambie leo, asije akayasoma kwenye ubao wa matangazo. Mwambie yote, ripoti, meneja, chumba cha kufungasha, na kwamba wewe ndiye uliyechora ile michoro. Kisha nyamaza. Usimjibie. Huenda akataka kukipigania kiti chake, na hapo msimamie waziwazi, bila kuficha udugu wenu. Huenda akataka kufundisha wageni bila kushona tena, na hilo ni pendekezo la kuandikwa kwenye ripoti kwa herufi kubwa. Na huenda akakuambia kwamba amechoka, macho yamekwisha, alikuwa anangoja tu mtu amuulize.

Akisema hivyo, msaidie kupumzika. Usimbakize mtu mzima kwenye cherehani ili utoto wako wewe usiishe.