Siku Ulipoketi Mbele ya Trekta

Mama yangu,

Nimekaa mlangoni pa jikoni kwako hapa Myanga, mikono bado ina udongo. Kuna jambo limetokea leo, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unaikumbuka asubuhi ile? Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na bustani ya chini, kando ya mto, ilikuwa imemezwa na nyasi. Wafula, mdogo wake Baba, alikuwa amekukataza kuigusa bila kusema sababu. Majirani walisema anaitaka iwe yake, nawe uliamini. Ulinipigia simu Kitale, nilikokuwa nikimfanyia Mjomba kazi ya shamba, ukasema maneno machache: "Nekesa, kuja na ile trekta. Mvua iko karibu."

Nikaja nayo juu ya lori la mahindi, trekta ndogo ya Mjomba pamoja na rotaveta yake, ile mashine ya nyuma yenye visu vinavyozunguka na kusaga udongo. Hukuniuliza hata habari za safari. Ulifunga leso kiunoni, ukatangulia kuokota mawe, nami nikashusha rotaveta.

Nilikuwa nimelima mistari michache tu nilipomwona Baba mdogo Wafula akiteremka mbio, panga mkononi.

"Mama Nekesa! Simamisha hiyo kitu!"

"Endelea," uliniambia bila kugeuka.

Akaja akaketi chini mbele kabisa ya trekta, panga mapajani. Nilikanyaga klachi na breki kwa pamoja. Visu vilisimama, lakini injini iliendelea kunguruma. Niliponyoosha mkono kuizima, ulinitolea macho: nisithubutu. Kisha ukaenda ukaketi kando yake, karibu na lile panga, ukamtazama usoni.

"Shemeji, unataka watoto wa ndugu yako wakule nini?"

Alipapasa udongo kando yake.

"Nanjala yuko hapa," alisema. "Dada yetu. Alikufa akiwa mdogo, akazikwa huku chini. Kwani bwanako hakukwambia?"

Hukuwa umeambiwa. Hata mimi sikujua kwamba niliwahi kuwa na shangazi huyo. Ndipo uliponiashiria nizime.

"Ni wapi hasa?"

"Ningejua, si ningekuonyesha? Nilikuwa mtoto. Najua tu ni huku karibu na mto."

Mlitembea pamoja, yeye akifyeka nyasi na kutafuta alama ambayo haikuwapo. Mwishowe ukaniamuru niinue rotaveta na kurudi nyuma: sehemu yote ya karibu na mto, yenye udongo mweusi kuliko kwingine, isiguswe. Tukalima iliyobaki. Kila mzunguko niligeuka kuona visu vimefukua nini. Ulinifokea, "Tazama mbele, utapinda mstari!" Lakini nilikuona, Mama. Nawe ulikuwa ukitazama.

Huu ndio msimu wetu wa kwanza bila wewe. Jana Baba mdogo aliniambia nilime na ile sehemu tuliyoiacha. Alisema, "Watoto wamekuwa wengi. Nanjala hatakasirika." Leo asubuhi niliwasha trekta, nikafika mpakani, nikashindwa. Nilijikuta nakutafuta kwa macho pale mbele, kati ya mawe. Nikazima injini, nikashuka, nikachukua jembe. Baba mdogo naye akachukua lake.

Tulilima polepole, tukivunja mabonge kwa vidole, kila mmoja akisikiliza jembe la mwenzake. Likigonga jiwe, sote wawili tulisimama. Hatukuona chochote ila mizizi.

Katikati ya kazi akaniuliza, "Siku ile nilikuja na panga, ulidhani nitamkata mamako?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yeye je, alidhani hivyo?"

"Hapana. Yeye alikuja akaketi."

Akaweka jembe chini, akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Nami nikabaki nimesimama tu, kwa sababu wewe ndiye ungejua la kumwambia.

Pumzika, Mama. Wingu limetanda upande wa mlima, na bado hatujapanda.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.