Mashuka ya Hajati Zaituni

Koboko, West Nile
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako Dada Tatu,

Shikamoo dada. Ipokee kwanza shikamoo yangu kabla hujanuna, maana najua habari kwamba siji Tabora mwezi ujao imeshakufikia, na najua imekufikia vibaya. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyouziwa na yule mtu wa stendi umeiacha? Mimi sikuiamini tangu uliponiambia chupa yake haina karatasi. Na Mama je, anakula? Akiulizwa hali akasema "nzuri tu" msimwamini, mtazameni anavyoinuka kwenye mkeka. Sisi huku wazima. Baba Shani yuko njiani na lori lake kati ya Kampala na Arua, na Shani ameshika Kiswahili cha huku mpaka ananisahihisha changu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako siiamini. Ukipokea unaweka spika, nyumba nzima inanyamaza kusikiliza, na kesho yake Bi Mwamvua jirani anayajua mambo yangu kuliko mimi. Barua hii anaileta dereva mwenzake Baba Shani. Ukiikuta imefunguliwa, uniambie.

Unalikumbuka lile banda umiza la video la karibu na stesheni, tulipokuwa tunachungulia picha kwenye tundu la bati? Kazi yangu ni hiyohiyo, ila sasa niko ndani na maiki nimeshika mimi. Huku mtu wa kazi hii wanamwita vijei. Picha inaenda, mimi napunguza sauti yake, natafsiri kwa Kiswahili cha Koboko, na panapodorora naongeza chumvi. Iko desturi moja ambayo vijei haruki: kabla picha haijaanza, unawatajia watu steringi ni nani. Wakishatajiwa hawamwachi macho, kwa sababu wanajua hafi na mwisho ushindi ni wake. Ukiwatajia mtu siye, banda lote linakugeukia.

Sasa nije kwa huyo Klara, mwanamke wa Kizungu niliyekuambia kwenye simu kuwa anatengeneza filamu. Alikuwa analala hoteli Arua na kuja Koboko kila asubuhi na gari lake na vijana wa kamera. Siku ya kwanza alitukumbatia wanawake wote wa soko, mmoja baada ya mwingine, akisema sisi sote ni dada zake, shida ya mwanamke ni moja dunia nzima. Wenzangu walifurahi. Mimi, unanijua, chai nikipewa na mgeni nangoja kwanza nione kama naye anakunywa. Mtu anayeniita dada kabla hajauliza jina langu, naanza kutazama mlango uko upande gani. Hajati Zaituni alinicheka. "Wewe nakaa kama askari ya mpaka," aliniambia. "Kila mutu nataka fungua mizigo."

Hajati ni mwenye nyumba wangu. Ni Mnubi, babu yake alikuja huku na jeshi kutoka Sudan, na yeye ndiye kiongozi wa wanawake wanaoimba kwenye harusi za hapa. Nilipofika nikiwa na mimba ya Shani, sijui mtu, mume yuko safari, ni yeye aliyenifungulia chumba na kunikanda kwa maji ya moto nilipojifungua. Wewe ni dada yangu na Mama ni mama yetu, lakini huku mama yangu ni huyu.

Klara alimtaka yeye kwa ajili ya jambo moja. Mwaka ule watu walipokuwa wanavuka kukimbia vita vya Sudan Kusini, Hajati alikuwa kwenye shamba lake la muhogo kule Midia, karibu na mpaka. Katika waliovuka, mwanamke mmoja alishikwa na uchungu kando ya barabara, na wanaume wanapita. Hajati akatuma watu mjini wamletee mashuka. Si mashuka ya kulalia, dada. Ni mashuka ya kudarizi, maua kwa maua, aliyokuwa akishona tangu bintiye yu mdogo ili amwozeshe nayo. Kwa Wanubi bibi harusi anatazamwa kwa mashuka yake. Akayafunga kwenye miti yakawa kuta, na yeye na waimbaji wenzake wakazalisha humo, siku nyingi, mama baada ya mama. Mashuka hayakufaa tena. Binti akaolewa kwa mashuka ya dukani, na wapo wakwe waliomsema.

Hajati hakuwa akiisimulia hadithi hii kwa kutafuta sifa. Kaka zake walimkataza kabisa kuingia kwenye kamera, wakisema mambo ya uzazi hayatolewi nje. Klara akamshika mikono yote miwili, akamwambia: "Wewe ndiye filamu yenyewe. Bila wewe hakuna filamu." Najua alisema hivyo kwa sababu nilitafsiri mimi. Kwa neno hilo Hajati aligombana na kaka zake, na mkubwa wao mpaka leo akipita hapa hasalimii.

Basi wakamrekodi. Yeye amekaa kwenye mkeka, mimi nimekaa pembeni ya Klara ambapo kamera hainioni, namtafsiria. Sikuongeza chumvi hata chembe, dada. Hapo si bandani, hapo mtu alikuwa anatoa ya moyoni. Alipofika kwenye mashuka akasema: "Mimi natazama ile maua, nasema, binti yangu nasamehe mimi. Hii mama hapa nazaa sasa, harusi nangoja." Klara alifuta machozi. Akanishukuru, akasema filamu ikiisha nitazunguka nayo kuitafsiri, Dar, Dodoma mpaka Tabora. Ndiyo siku ile niliyokupigia simu.

Miezi ikapita. Wakarudi na filamu imekamilika, wakakodi ukumbi hapa Koboko, mimi nikiwa vijei. Nikaomba niione kwanza. Klara akasema hapana, anataka nishangae pamoja na wenzangu, itakuwa na uhai zaidi. Sikupenda. Na nilipoingia ukumbini nikakuta kamera nyingine imewekwa mbele, lakini haitazami ukutani picha itakapopita, inatutazama sisi. Nikamuuliza kijana wake, hii ya nini? Akasema ni ya kunasa furaha ya kina mama. Nikajiuliza, furaha hii wameijuaje kabla haijaja? Lakini ukumbi ulikuwa umeshajaa, wanawake wa Midia, wapiga ngoma kutoka Abuku, na Hajati katika kiti cha mbele, kavaa kama siku ya Idi. Yule kaka mkubwa naye alikuwa nyuma kabisa, amesimama mlangoni.

Nikashika maiki nikafanya kama ilivyo kazi yetu. Nikasema: "Kina mama, steringi ya leo munajua yeye. Iko hapa mbele. Steringi ni Hajati Zaituni." Dada, vigelegele vilivyopigwa hapo. Kamera ya furaha ilikuwa inanasa.

Picha ikaanza. Akatokea mwanamke wa Kizungu, mkunga, amejifunga kitambaa kichwani, anasema alivyoacha nyumba yake kuja kwetu. Nikatafsiri. Mkunga akapanda gari, mkunga akanywa chai, mkunga akalia peke yake. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, "Vijei, steringi iko wapi?" Nikamjibu angoje, steringi wakati mwingine anachelewa. Watu wakacheka. Baada ya muda wakauliza tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

Yakaja mashuka. Wameyapiga picha vizuri, siwezi kudanganya, jua limepita katikati ya maua mpaka unataka kuyagusa. Na juu yake sauti ya yule mkunga: niliangalia huku na huku, nikaona mashuka, nikajua la kufanya. Huyo mkunga Midia alifika mambo yameshapoa, kila mtu mle ukumbini alijua. Mimi maiki mkononi. Nikatafsiri alichosema, neno kwa neno, na nikasikia sauti yangu mwenyewe inamwambia Hajati kwamba mashuka yake yaliokotwa. Nikazima maiki. Picha iliyobaki ilienda bila vijei. Karibu na mwisho alipita mwanamke na jerikeni la maji, anaonekana mgongo tu, na mmoja wa waimbaji akasema polepole, "Ile mugongo ni ya Hajati." Kamera iliyokuwa inatutazama ilikuwa imeshazimwa. Majina ya mwisho yalipopanda, jina la mkunga lilikuwepo, la Klara lilikuwepo mara nyingi, na sisi tuliandikwa wanawake wa Midia.

Taa zikawashwa. Nikamfuata Klara nikamuuliza Hajati yuko wapi kwenye filamu. Akasema watazamaji wa kwao wanahitaji mtu wa kumfuata, mtu wanayejiona ndani yake, ndipo wapate kuwapenda na wengine. Akasema kwani si hadithi ya wanawake wote? Nikamwambia kwenye filamu nimemwona mwanamke mmoja. Hapo akaanza kulia. Alilia kweli, dada, alitetemeka, akisema amejitolea miaka yake kwa ajili ya wanawake na sasa anaonekana mbaya. Na wenzangu, wanawake walewale, wakamzunguka. Huyu anampepea, huyu anamletea maji, mwingine anamwambia pole madamu. Nilitafuta macho ya Hajati. Alikuwa bado kwenye kiti chake cha mbele, peke yake, hakuna aliyempelekea hata maji. Kaka yake alipita akamtazama, akatoka bila kusema kitu.

Tulirudi nyumbani pamoja. Mlangoni ndipo aliponigeukia. "Ule siku mimi nasema kwa mukeka," akaniuliza, "wewe naambia hawa nini?"

Nikamwambia niliwaambia yote. Akatikisa kichwa. "Kama nilisema, iko wapi? Mimi hapana jua Kizungu. Mimi naona mudomo yako tu nacheza. Na hawa natafutia wewe kazi ya kwenda kwenu." Akaingia, akafunga.

Mimi ninayemshuku kila mtu, dada, sikuwahi kufikiri kuwa nami naweza kushukiwa, tena na Hajati. Na nikijiweka mahali pake, ana haki. Aliweka maneno yake kinywani mwangu, yakaingia upande mmoja, upande wa pili yakatoka ya mkunga. Mtu wa kwanza kushukiwa si ni huyo wa katikati? Siku zikapita hanijibu salamu. Shani akienda kwake alipewa chakula, nami nikipita aligeukia jiko. Sikulala vizuri. Klara naye alikuwa anapiga simu kutoka Arua kuniuliza tarehe ya safari, kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi sikumjibu ndiyo wala hapana, kwa sababu nilikuwa nataka kuja nyumbani. Hilo siwezi kukuficha.

Juzi asubuhi Hajati alikuja bandani hakuna watu, nafagia maganda ya karanga. Akavuta benchi akakaa. "Sema," akaniambia. "Yale nilisema. Sema kama ulisema kwa hawa."

Nikaweka ufagio. Nikamsimulia yote kwa Kiingereza kwanza, kama nilivyomwambia Klara, ingawa hakielewi, kisha kwa Kiswahili: barabara, yule mama, wanaume wanaopita, miti aliyofungia, maua, binti nasamehe mimi. Mahali pawili alinisahihisha. Nilipomaliza akaniuliza:

"Na hawa nasikia hii yote?"

"Walisikia, Hajati. Klara alilia."

"Nasikia, halafu naacha."

Nikasema ndiyo. Nilidhani atafurahi kuwa sikumsaliti. Akasema, "Afadhali ingekuwa wewe. Wewe iko karibu. Mimi nakuja kwa mulango yako, nagombana, nalia, tunamaliza. Sasa hawa mimi nagombana nao wapi?"

Alipoondoka nilimpigia Klara nikamwambia atafute vijei mwingine. Ukiniona nimeshika maiki Tabora, mbele yako na Mama, itabidi niseme mkunga aliona mashuka akajua la kufanya. Siwezi kurudi nyumbani na mdomo huo. Nitakuja kwa nauli yangu, Baba Shani akipata mzigo wa kule. Unisamehe kwa hilo, na umweleze Mama taratibu, si kwa spika.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, mwambie pampu yake bado tunayo. Nisalimie Mjomba Hamisi anayeadhini, na watoto wote wa kaka. Bi Mwamvua msalimie pia, kwa kipimo. Nilipomwambia Hajati nataka kukuandikia habari hizi, aliuliza kwanza nani ataisoma. Nikamwambia ni dada yangu tumbo moja. Alifikiri, akaniuliza kama nakuamini. Nikasema nakuamini. Basi akaniagiza niandike jina lake lote, nisikate. Anaitwa Zaituni binti Rehani Marjani.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajuma